Kisome kwa Moyo

14 Januari

Shangazi yangu,

Shikamoo. Baba naye anakuamkia, ingawa yeye ndiye mkubwa. Anasema anajishusha kwa sababu uzi wa nta uliomtumia umekwisha, na viatu vya watu vimelala kibandani midomo wazi. Mama hajambo. Goti lake limetulia tangu aache kubishana nalo. Mimi pia sijambo.

Nina habari mbili. Ya kwanza, nimepata kazi. Usicheke. Mwalimu wa darasa la tatu, pale shule ya msingi nyuma ya kibanda cha baba, amejifungua, na Mwalimu Mkuu alikuwa akitafuta mtu wa kumshikia nafasi. Siku moja, akiwa na mguu mmoja pekupeku akisubiri kisigino chake kigongwe misumari, akamuuliza baba kama yule binti yake aliyemaliza shule bado anasoma hata vipande vya magazeti vinavyofungiwa misumari. Baba akasema bado. Ndivyo nilivyoajiriwa.

Ya pili ni ngumu. Wanafunzi ni arobaini na sita, na mimi unanijua. Nyumbani mnaniita Kimya na hamkukosea. Hesabu naandika ubaoni, wananakili, mambo yanakwenda. Shida ni Jumatano, kipindi cha kusoma. Kabati la darasa lina vitabu kumi na moja. Vinane ni nakala za kitabu kimoja kiitwacho Utunzaji wa Trekta. Shule haina trekta. Cha tisa hakina mwanzo, cha kumi hakina mwisho, na cha kumi na moja ni orodha ya namba za simu za zamani. Basi nimewaambia wasome kimoyomoyo, sita sita kwa trekta moja, nami nakaa mezani najifanya nasahihisha madaftari. Darasa linatulia kabisa. Nilidhani nimefaulu, mpaka Mwalimu Mkuu alipochungulia mlangoni akakuta nusu yao wamesinzia.

Amesema hivi: kama kufikia mwisho wa muhula watoto hawaonyeshi dalili ya kukipenda kipindi cha kusoma, atakifanya kuwa hesabu, na kabati litawekwa fagio. Shangazi, mimi nilianza kupenda vitabu katika kipindi hichohicho, chumba hichohicho, dawati la tatu upande wa dirisha. Sitaki kife mikononi mwangu.

Wewe unashinda na vitabu kutwa nzima. Huko maktaba hakuna vinavyotupwa?

Tafadhali, barua hii usimwonyeshe mtu. Naona aibu hata kuiandika.

Mwanao,
Kimya


30 Januari

Mwalimu wangu,

Marahaba, marahaba, na moja zaidi kwa ajili ya kazi mpya. Mwambie kaka yangu uzi uko ndani ya kifurushi hiki, na shikamoo yake nimeipokea kwa mikono miwili, nitaitunza. Yeye anashona vya miguuni, mimi nashona vya kichwani, lakini uzi ni uleule na wa kuomba ni yeye kila mwaka. Mama yako mwambie goti halibishiwi, linakandwa.

Karakana yetu iko chini ya ngazi za maktaba, chumba kirefu chenye meza mbili, mashine ya kubana na harufu ya gundi. Vitabu vinaletwa kwetu vimevunjika migongo. Vinavyoonekana havifai tena kurudi rafuni vinapangwa kwenye kapu karibu na mlango, na mkubwa wa maktaba ameniruhusu nichukue. Nimekuchagulia saba. Nimevishona upya, viwili nimevivalisha majalada ya kitambaa cha pazia kuukuu. Ukiona maua ya manjano usishangae.

Kuna kimoja kiko juu kabisa, Mbuzi Aliyekwenda Kunyoa. Hicho usiwagawie. Nimekuandikia maneno ndani ya jalada, yafuate.

Sasa niambie, wewe mwenyewe unasoma nini siku hizi? Sisemi cha darasani. Chako. Nakuuliza kwa sababu mtu hawezi kuwashawishi watoto wale chakula ambacho yeye mwenyewe hagusi, na watoto ni wepisi wa kugundua.

Mistari yangu inapanda mlima, naiona, au tuseme naihisi. Usijali, meza ya hapa imeinama.

Shangazi yako


16 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Kifurushi kilifika Jumatatu. Baba alichukua uzi kabla hajaangalia kingine chochote, akasema, “Dada yangu hana mpinzani,” kisha akaurudisha mkono haraka kana kwamba mtu atamnyang'anya. Mama anauliza kama lile pazia la maua ya manjano ndilo alilokupa yeye mwaka ule. Nimemwambia sijui. Najua.

Watoto wamevishangilia vitabu. Wanagombea picha. Lakini picha zikiisha wanafunga kitabu na kuniangalia, nami natazama daftari. Kuna msichana mmoja wanamwita Wakili kwa sababu anapinga kila kitu, hata mahudhurio. Nikiita jina lake anajibu, “Inategemea.” Juzi ameniuliza, “Mwalimu, wewe unajua kusoma, au unajua kusahihisha tu?” Niligeuka nikafuta ubao uliokuwa safi.

Kuhusu ulichouliza, kwamba nasoma nini, mvua zimeanza huku na paa la ofisi ya walimu linavuja mahali pawili.

Maneno yako ndani ya jalada nimeyaona: “Hiki usiwape wasome. Wasomee wewe. Kisome kwa moyo.” Nimeanza kufanya hivyo. Nimefika ukurasa wa tisa. Ni kazi kubwa kuliko nilivyodhani, lakini kama umesema ndiyo njia, nitafika. Nafanyia mazoezi kibandani kwa baba, asubuhi kabla wateja hawajaja.

Mbona mwandiko wako umekuwa mkubwa hivyo? Maneno sita yamejaza mstari mzima.

Mwanao,
Kimya


24 Machi

Kwako Mwalimu,

Marahaba. Najua nimechelewa, najua umehesabu siku. Nimejichoma sindano kidoleni, kidole cha kuandikia, kwa hiyo maneno ni yangu lakini mwandiko ni wa mwenzangu wa meza ya pili. Tunamwita Gundi kwa sababu akishika habari haimtoki. Ni mtu mzima mwenye masharubu, na sauti yake inasikika mpaka ghorofani.

Afya yangu ni nzuri. Wasalimie kaka na wifi. Pazia ndilo hilohilo, na wifi asikasirike, sasa linasomwa na watu arobaini na sita badala ya kutazamwa na mimi peke yangu.

Hebu turudi kwa yule mbuzi. Ukurasa wa tisa? Kitabu kina kurasa ishirini na nne, na nusu ni picha! Mwanangu, unakisoma au unakichimba? Wewe uliyekuwa ukimaliza gazeti la msumari kabla msumari haujagongwa! Au kuna jambo unanificha? Simama tu mbele yao uwasomee. Watoto hawaumi, na wakiuma meno yao bado ni ya utotoni.

Na swali langu kuhusu chako unachosoma umelikwepa kwa paa la ofisi ya walimu. Nimeliona paa hilo. Nalirudia swali.

Shangazi yako

Mimi Gundi naongeza hapa bila ruhusa: yule Wakili namkubali sana. Tuletee habari zake.


2 Aprili

Shangazi, na Gundi pia,

Shikamooni. Sikujua kwamba barua zangu zina wasomaji wawili. Nilipoona jina la Wakili kwenye mwandiko wa mtu nisiyemjua niliificha barua chini ya godoro siku mbili, kwa aibu. Halafu Jumatano ikafika na mambo yakatokea ambayo lazima nimwambie mtu, na hata wawili si vibaya.

Kwanza, nilikuwa nimemaliza. Kurasa zote ishirini na nne, kwa moyo, neno kwa neno, nikivitamkia viatu vya wateja pale kibandani. Viatu ni wasikilizaji wazuri, Shangazi. Vinaachama tu. Siku ya mwisho nilipofika kwenye maneno ya mwisho nikasikia nyundo ya baba imesimama. Alikuwa amefika kazini muda mrefu. Aliniambia tu, “Haya, nenda, utachelewa.”

Nikaingia darasani. Kitabu nikakiweka kwenye dawati la kwanza, ambalo ni la Wakili, kwa sababu nilijua sitakihitaji. Nikakunja mikono nyuma. Nikaanza.

Unaijua hadithi. Mbuzi kijana ameota ndevu mapema, basi kila anayekutana naye anamwamkia. Kuku, shikamoo! Punda, shikamoo! Mpaka bibi yake mzaa mama, kwa macho yake mabovu, anampigia goti. Nilipofika kwa bibi, nikainama kidogo. Sikupanga, mwili wenyewe uliinama. Mtu akacheka nyuma kule, na baada yake darasa zima. Shangazi, mimi sijawahi kuchekesha watu katika maisha yangu! Sauti yangu ikatoka kwa nguvu hata mimi nikageuka kuangalia nani anasema.

Mbuzi akafika kwa kinyozi, akakaa kwenye kiti, akafumba macho. Nikasema, “Kinyozi akachukua wembe wake.”

Pa! Wakili amepiga dawati kwa kiganja.

“Mwalimu, umekosea!”

Nikauliza, “Wapi?”

“Umesema wembe. Humu imeandikwa mkasi.” Alikuwa amekifungua kitabu na kidole chake kimekaa juu ya neno.

Kisha mwenzake wa pembeni akasema, “Kwani anayoyasema yako humo?”

“Yote,” Wakili akamjibu. “Nimemfuata tangu kuku. Yote yamo, ila mkasi.”

Kumbe walidhani naitunga pale pale! Shangazi, walisimama. Wakalizunguka dawati lile, vichwa juu ya vichwa, kila mmoja anataka kuliona neno mkasi. Wakanidai nirudi mwanzo. Wakanifuata mstari kwa mstari, wote wakisoma, midomo ikicheza, wakinivizia nikosee. Nami nikakosea mara mbili nyingine, moja kweli na moja kwa makusudi, kwa sababu niliona jinsi wanavyofurahi kupiga dawati.

Mwalimu Mkuu akaja mbio. “Nani amewaruhusu kupiga madawati?”

“Mwalimu amekosea, Mwalimu,” Wakili akasema.

“Amekosea nini?”

“Amesema ‘akaondoka’ na kitabu kinasema ‘akatoka’. Lakini tumemsamehe, anarudia.”

Mwalimu Mkuu akanitazama, akatazama mikono yangu mitupu, akatazama kitabu. Akaondoka, yaani akatoka. Muhula unafungwa baada ya wiki mbili. Sijui ameonaje. Sasa kila mtoto anataka kitabu apate cha kunikamatia, na jana wameniomba nikariri Utunzaji wa Trekta. Nimeanza. Nimefika kwenye rejeta.

Kuhusu ninachosoma: ni kile kitabu cha kumi cha kabatini, kisicho na mwisho. Ni cha upelelezi, mkufu umeibwa hotelini, na kinakatika pale mpelelezi anaposema, “Mwizi yumo humu chumbani.” Nimekisoma mara tatu. Niliona haya kukuambia kwamba mwalimu mzima anasoma hadithi za wezi. Basi nimeshasema.

Sasa zamu yako. Ni sindano gani hiyo inayozuia kuandika wiki tano? Baba anajichoma kila siku na baada ya nusu saa anagonga. Unanificha kitu.

Mwanao,
Kimya


23 Aprili

Mwanangu Kimya,

Marahaba. Tazama mwandiko. Ni wangu, na mistari imenyooka.

Ninakuambia sasa kwa sababu limekwisha na hakuna wa kuja mbio na kikapu. Mimi nisiye na mtoto nimepata mtoto wa jicho. Macho yote mawili. Yalianza kufifia mwaka jana, na kufikia Januari nilikuwa nashona kwa kupapasa. Ule mlima wa mistari haukuwa kosa la meza. Nilinyamaza kwa kuwa niliogopa wataniondoa kwenye kazi yangu, na nikaogopa zaidi kwamba kaka atafunga kibanda aje. Mwezi wa tatu nilifanyiwa upasuaji wa jicho la kulia, na wiki iliyopita la kushoto; muda wote huo yalifungwa yote mawili. Daktari amefungua bandeji na kitu cha kwanza nilichokiona ni masharubu ya Gundi. Nilikuwa nayafikiria makubwa zaidi.

Nina kosa la kukiri. Uliomba nisimwonyeshe mtu barua yako. Ya kwanza niliisoma mwenyewe kwa kioo cha kukuzia, siku mbili nzima. Ya pili nilishindwa. Nikampa Gundi, naye hajui kusoma kwa sauti ndogo. Kwa hiyo, mwanangu, ile ya tarehe mbili Aprili ilisomwa mbele ya karakana nzima, na watu wa rafuni walishuka ngazi kusikiliza. Alipofika kwenye “Pa!” akapiga meza na chupa ya gundi ikamwagika. Mkubwa wa maktaba akauliza kwa ukali, “Ikawaje?” Mimi nilikuwa nimefungwa macho, nacheka mpaka muuguzi wa kliniki baadaye akaniuliza kwa nini bandeji imelowa.

Sasa kuhusu mbuzi. Nisikilize. Niliposema kisome kwa moyo, nilimaanisha kwa raha, kwa hisia, kama mtu anayeipenda hadithi. Kitabu kikiwa mkononi! Sikukutuma uhifadhi kurasa ishirini na nne! Gundi aliposoma kwamba umekiacha kitabu kwa Wakili, nilimwambia arudie, nikidhani ndiye aliyekosea. Kisha nikaelewa lile chimbo la ukurasa wa tisa. Wiki sita nimekaa na macho yaliyofungwa, na hadithi pekee niliyoweza kusoma ilikuwa hiyo ya mbuzi, niliyokuwa nayo kichwani tangu nikiwa darasa la tatu. Basi huenda wewe ndiye uliyenielewa.

Kile cha mkufu, Gundi amewahi kukisoma. Amesema mwizi ni mlinzi wa lango. Nimempiga na rula kwa kukuharibia, halafu nimepekua kapu nikapata nakala yenye mwisho. Iko humu ndani. Soma mwenyewe, maana huyu hata majina ya watu huyachanganya.

Mwalimu Mkuu amesemaje? Karakana nzima inauliza.

Shangazi yako anayeona


6 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Nina hasira nawe kwa mstari huu mmoja: ulitufanya tucheke na sindano wakati unapapasa. Baba aliisoma barua yako akiwa amesimama, kisha akaenda nyuma ya kibanda, akakaa huko kidogo, akarudi akasema kiatu fulani kimemwingiza vumbi machoni. Mstari umekwisha. Mama anashona pazia jipya la karakana, na amesema hili ni la dirishani tu.

Mwizi si mlinzi wa lango. Mwambie Gundi.

Sasa majibu. Siku ya kufunga muhula Mwalimu Mkuu aliingia darasani na Utunzaji wa Trekta. Watoto walikuwa na nakala saba zilizobaki, sita au saba kwa kila moja. Akasema, “Leo nasoma mimi.” Akaanza vizuri, akafunga kitabu kwa mbwembwe ili aendelee kwa moyo kama mimi. Walimpiga dawati mara tano katika ukurasa mmoja. Wakili akamwambia, “Mwalimu, tunakusamehe, lakini kajiandae.” Akacheka mpaka akavua miwani. Pale pale akasema kipindi cha kusoma kinabaki, na kuanzia muhula huu kitakuwa mara mbili kwa wiki, na fagio zitafute kwao. Mwalimu wa darasa amerudi na mtoto wake mnono. Nilidhani nimemaliza kazi. Mwalimu Mkuu akaniuliza, akiangalia kisigino chake, kama naweza kushika vipindi vya kusoma vya madarasa yote matatu ya chini. Nikasema ndiyo, Shangazi. Kwa sauti. Alirudi nyuma hatua moja.

Wamenipa jina jipya. Wananiita Mwalimu Mkasi.

Utaona bahasha hii ni nzito. Barua nimeiandika mara mbili. Nakala moja ni ya Gundi: asimame katikati ya meza mbili, awaite watu wa rafuni washuke, aisome kwa sauti aliyopewa. Nyingine ni yako. Kaa karibu na taa, uifuate mstari kwa mstari kwa macho yako mapya.

Katika nakala ya Gundi nimebadilisha neno moja. Ukilisikia, piga meza.

Mwanao,
Kimya